Nanunua, Ikiwa

Mhadhara kuhusu masharti katika ofa za kununua ardhi na nyumba



Hapa pwani ya Kenya, mtu akitoka kutazama kiwanja Mtwapa au fleti Nyali, akifika nyumbani huulizwa: wanataka ngapi? Kisha: umewashusha mpaka ngapi? Sijasikia bado anayeulizwa: na ikibainika mwezi ujao kwamba kiwanja hicho ni njia ya umma ya kuendea ufukweni, pesa zako zitarudi vipi? Mhadhara wangu unahusu swali hilo lisiloulizwa. Nitadai kwamba katika ofa ya kununua ardhi, bei ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye "ikiwa": nanunua ikiwa hati itathibitika, ikiwa benki itanikopesha, ikiwa mke wa muuzaji ataridhia. Nitadai pia, na najua humu kuna madalali ambao hawatafurahi, kwamba "ikiwa" inayoletwa baada ya pesa kutoka mkononi haina nguvu yoyote.

Kwetu kuna haya katika kuweka masharti. Mzee anakuuzia shamba la babake, amekukaribisha barazani, kahawa imemiminwa, halafu wewe unatoa karatasi inayosema utanunua ikiwa mpima ardhi ataridhika na mipaka. Ataona umemwita mwongo mbele ya wanawe. Kwa hiyo wengi hunyamaza, hulipa, kisha huanza kuchunguza kwa siri, huku wakimpa kijana wa masjala chai ili awafungulie faili ambalo wangeweza kulidai kwa barua wiki mbili kabla.

Haya hiyo haina mizizi katika biashara ya pwani hii. Fiqhi ya Kiislamu, iliyosimamia mauzo ya mashamba na nyumba hapa karne nyingi kabla ya kufika wakili wa kwanza kutoka Uingereza, ina mlango mzima wa khiyari, yaani haki ya mmoja wa wanaouziana kuuvunja mkataba ndani ya muda. Imepokewa kwamba Habban bin Munqidh, mtu aliyekuwa akipunjwa sana sokoni, aliagizwa na Mtume (S.A.W.) atamke kila anaponunua kwamba hakuna kuhadaana, na katika baadhi ya riwaya akapewa siku tatu za kushika au kurudisha. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa, waliiwekea khiyari ya sharti mpaka wa siku hizo tatu. Wahanbali waliruhusu muda mrefu zaidi, mradi ujulikane.

Arubuni nayo ilijadiliwa sana. Mnunuzi anatanguliza kiasi. Akikamilisha, kinahesabiwa ndani ya bei. Akiacha, kinabaki kwa muuzaji. Wanachuoni wengi, Mashafi wakiwamo, waliikataa, kwa kuwa waliona muuzaji anakula mali ya mwenziwe bila kutoa kitu. Wahanbali waliikubali. Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Brunei likairuhusu, kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekewe mpaka. Shikeni hilo la mpaka wa muda. Majaji wa Kiingereza walifika papo hapo kwa njia yao wenyewe, na nitawafikia.

Nisije nikaipamba historia, lakini. Katika Zanzibar ya karne ya 19, khiyari hiyo hiyo ilitumika kuwapatia wenye mashamba ya karafuu fedha za wakopeshaji wa Kihindi bila riba kutajwa. Mwenye shamba "aliliuza" kwa kiasi fulani, akabakiwa na khiyari ya kulikomboa ndani ya muda waliopatana. Mara nyingi aliendelea kukaa humo humo kama mpangaji, na ile kodi aliyolipa ndiyo iliyokuwa faida ya aliyetoa fedha. Muda ukipita, khiyari imekufa na shamba limekwenda. Hapo sharti lilikuwa lile lile, lakini aliyezihesabu siku zake alikuwa mkopeshaji.

Sasa nije Kenya ya leo. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Kabla ya mkataba huo huja barua ya ofa, na barua nyingi za ofa zina mstari mdogo unaosema kwamba yote yaliyomo yanategemea mkataba rasmi kutiwa sahihi. Maana yake hakuna aliyefungwa. Muuzaji anaweza kumpa mwingine kesho asubuhi na wewe ukabaki na barua yako. Cha ajabu ni kwamba papo hapo, juu ya karatasi isiyomfunga mtu, ndipo mnunuzi huombwa pesa ya kushikilia nafasi, hasa kwa fleti ambazo bado ni picha nzuri kwenye ukuta wa ofisi ya mauzo. Ukiuliza kama inarudishwa, kijana wa mauzo atakuambia usijali. Ushauri wangu ni ujali. Mwambie aandike kwenye risiti yenyewe: itarudishwa yote ndani ya siku kadhaa ikiwa mkataba hautatiwa sahihi. Kama hawezi kuandika, ameshakujibu.

Mkataba ukitiwa sahihi, desturi yetu ni kulipa amana ya asilimia 10 ya bei, na kukamilisha kwa kawaida baada ya siku 90. Masharti ya Mauzo ya Chama cha Mawakili wa Kenya, ambayo mikataba mingi huyachukua kama msingi, yanataka asilimia hiyo ishikwe na wakili wa muuzaji kwa niaba ya pande zote mbili, asimkabidhi mteja wake mpaka mauzo yakamilike. Hicho ndicho kifungu ninachokisoma kwanza mkataba wowote ukiletwa mezani kwangu, kabla hata ya jina la mnunuzi. Mara nyingi kimegeuzwa. Muuzaji ana karo ya shule, au anajenga kwingine, basi mkataba unasema amana itaachiliwa kwake mara tu sahihi zitakapokamilika. Mnunuzi anakubali kwa huruma. Kisha sharti linashindikana, hati inaonekana ina zuio, mnunuzi ana haki yake yote kisheria, na pesa zimeshageuka matofali Kikambala. Unaweza kushinda kesi hiyo na bado usione senti kwa miaka. Kwa hiyo mtu akiniomba nichague kati ya orodha ndefu ya masharti mazuri na amana iliyokaa mahali salama, nachagua amana, tena bila kufikiri mara mbili.

Masharti yenyewe si ya namna moja, na wengi huyachanganya. Yako ambayo mmepatana nyinyi wawili, na yako ambayo sheria imeyaweka hata kama hamkuyataja. La kwanza mnunuzi anaweza kulisamehe. Kama sharti la mkopo liliwekwa kwa faida yake na shangazi yake aliye Muscat amemtumia pesa zote, ataandika kwamba analiacha, na mauzo yataendelea. La pili hamwezi kulisamehe hata mkikumbatiana.

Shamba la kilimo ndio mfano mkubwa. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, mauzo ya ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti ni batili bila idhini ya bodi ya ardhi ya eneo hilo. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa. Ukichelewa, ni mahakama tu inayoweza kukuongezea muda. Idhini isipopatikana, mnunuzi anarudishiwa alicholipa kama deni. Thamani iliyopanda hapati, wala nyumba aliyojenga. Kwa miaka watu waliuziana kwa karatasi ya chifu na ushahidi wa majirani, wakahamia, wakapanda miembe, wakazika wazee wao humo. Kisha mtoto wa muuzaji akafufua suala la bodi kwa sababu bei za eneo zimepanda. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu mbili zilizokwenda pande tofauti: moja ilimwokoa mnunuzi kwa misingi ya insafu, nyingine ikashikilia herufi ya sheria. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ikarudi upande wa insafu. Nafurahi ilirudi, ila sitaki mteja wangu aokolewe na majaji baada ya miaka kumi na mitano ya kesi. Nataka mkataba useme nani anapeleka ombi, kwa tarehe gani, nani analipa ada, na muuzaji atahudhuria kikao cha bodi yeye mwenyewe.

Wageni waliomo humu, nanyi sikilizeni. Bodi haiwezi kuidhinisha ardhi ya kilimo iuzwe kwa asiye raia, na kwa sheria hii ndugu wa Tanga au Kampala ni mgeni sawa na wa Rome. Kwa ardhi nyingine, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 65, inampa asiye raia haki ya ukodishaji tu, isiyozidi miaka 99. Ofa yenye neno la umiliki wa kudumu kwa mgeni imeharibika kabla wino haujakauka.

Kisha kuna ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzi, na hapa panahitaji ujasiri kidogo, kwa sababu unamuuliza mtu mzima kuhusu nyumba yake. Uliza. Kama ana wake wawili, uliza mara mbili. Na kuna mirathi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayozamisha wanunuzi wengi kuliko matapeli wote wa mjini. Sheria ya Urithi inamkataza msimamizi kuuza mali isiyohamishika kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama. Muuzaji anakuja na cheti cha kifo, barua ya chifu na dada zake watatu, wote wanatabasamu. Dada wa nne yuko Jeddah na hajaambiwa. Ofa ya mali kama hiyo iseme hakuna hata shilingi itakayotoka mpaka hati ithibitishwe na jina la kila mrithi lionekane humo. Kama familia ina haraka ya pesa, hiyo ndiyo sababu zaidi ya kungoja.

Nimefika kwenye hati. Sharti lililozoeleka linasema mnunuzi ataendelea ikiwa sachi, yaani upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, itaonyesha jina la muuzaji na kwamba hakuna deni wala zuio. Tangu mwaka 2023 sharti hilo halitoshi, na sababu yake iko hapa hapa mjini kwetu Mombasa. Kulikuwa na kipande cha ardhi Nyali, kando ya bahari, kilichogawiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kiliuzwa, kikauzwa tena, mpaka kikafika kwa kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta wa kampuni hiyo, ikisema pale ni mahali pa umma na njia ya kwenda ufukweni. Kampuni ilikuwa na hati iliyosajiliwa na ikajitetea kwamba ilinunua kwa nia njema. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 majaji wakaamua kwamba kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hati zilizozaliwa nao haziwezi kumkinga hata mnunuzi wa mwisho. Kuonyesha karatasi uliyonayo mkononi hakutoshi. Lazima mzizi wake uwe mzima.

Septemba mwaka huo huo, mahakama hiyo ikatoa uamuzi katika kesi ya Torino Enterprises, iliyohusu ardhi ya Embakasi, Nairobi. Huko kampuni ilitegemea barua ya ugawaji iliyokuwa imetolewa kwa kampuni nyingine. Majaji walisema barua ya ugawaji si umiliki: ni ofa tu, inayongoja masharti yake yatimizwe. Angalieni jinsi mambo yanavyozunguka. Serikali yenyewe, inapogawa ardhi, hutoa ofa yenye masharti na muda wa kulipa. Aliyegawiwa asipotimiza, hana cha kuuza. Na bado kila wiki kuna anayenunua "allotment" mjini kwa mamilioni, tena kwa fahari.

Kwa hiyo sharti la hati liandikwe upya. Mimi huomba siku 21, na ndani yake mnunuzi apate nakala ya faili la ugawaji wa kwanza, ramani ya upimaji, na mpima ardhi wake mwenyewe ayatafute mawe ya mipaka kwa miguu yake. Kwa Nairobi, mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021 umerahisisha sehemu ya kazi hii. Katika sajili nyingine nyingi bado ni faili la karatasi na subira. Na kwa ardhi ya ukanda wa pwani lazima mtu arudi nyuma sana, maana umiliki mwingi wa hapa ulianza kwa madai yaliyosikizwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, na kati ya madai hayo mna ardhi ya wakfu. Wakfu hauuzwi, hata muuzaji akiwa na hati inayometameta.

Katika mtaa wa Majengo na mitaa mingine ya mji huu tuna jambo ambalo mawakili wa Nairobi hulishangaa: nyumba bila ardhi. Kuta na mapaa ni yako, udongo chini yake ni wa mwingine, na unamlipa kodi ya ardhi. Nyumba hizo zinauzwa kila siku, kwa hati ya mauzo na mashahidi wawili, na bei yake ni nafuu kiasi cha kumfanya mtu asahau kuuliza. Katika ofa ya nyumba kama hiyo sharti moja linazidi mengine yote: mwenye ardhi akubali kwa maandishi kumtambua mnunuzi kuwa mpangaji wake wa ardhi, kwa kodi iliyotajwa, na aseme hana notisi wala kesi ya kuondoa nyumba hapo. Hajulikani mwenye ardhi ni nani, au warithi wake wanagombana? Basi unanunua matofali na mabati, nawe lipa bei ya matofali na mabati.

Sharti la mkopo lina hesabu yake, na wengi huiona wakiwa wamechelewa. Tuseme nyumba ni shilingi milioni 12, na benki imekuahidi asilimia 80. Unajua utakopa milioni 9.6 na utatoa mfukoni milioni 2.4, umezikusanya kwa jasho, kupitia chama na sacco. Umelipa amana ya milioni 1.2. Mthamini wa benki anakuja, anatazama, anaandika kwamba nyumba ina thamani ya milioni 10. Benki inakopesha asilimia 80 ya thamani hiyo, haijali mlipatana ngapi. Ni milioni 8. Sasa unatakiwa kutoa milioni 4, na pengo la milioni 1.6 huna. Benki haijakukatalia mkopo. Mkopo umekubaliwa, ila kwa kiasi kidogo. Sharti lako likisema tu "ikiwa mnunuzi atapata mkopo", muuzaji atadai kwamba umeupata, na amana yako iko hatarini.

Kwa hiyo andika kiasi. Andika kiwango cha chini cha mkopo, muda wa kuulipa, hata riba ya juu unayoweza kuibeba. Uingereza waliwahi kukwama hapa kwa namna ya kuchekesha. Katika mgogoro mmoja, wa Lee-Parker na Izzet, mwaka 1971 jaji alikubali sharti kwamba mnunuzi apate mkopo wa kuridhisha. Mwaka uliofuata, katika sehemu ya pili ya mgogoro huo huo, jaji mwingine akasema maneno ya namna hiyo hayaeleweki kiasi cha kuwa batili. Mkopo wa kuridhisha, unamridhisha nani? Tusiwape majaji wetu kazi hiyo. Na mnunuzi aliyeweka sharti la mkopo aende benki kweli, apeleke hati za mshahara kwa wakati. Anayekaa nyumbani makusudi ili sharti lishindikane, kwa kuwa ameona nyumba nyingine, asitegemee kwamba sharti hilo litamwokoa.

Kuhusu muda, Baraza la Faragha (Privy Council) huko London liliamua mwaka 1959 kesi kutoka Malaya, ya shamba la mpira, iliyohusu kampuni ya Aberfoyle Plantations. Mauzo yalitegemea muuzaji kupata upya baadhi ya hati za ukodishaji. Siku ya kukamilisha ikafika, hajazipata. Akaomba angojewe kidogo. Mabwana wale wakasema siku iliyowekwa ni siku, insafu hairefushi sharti, na mnunuzi arudishiwe amana yake. Mimi nimewahi kuitumia kesi hii kuwashawishi wauzaji wagumu waandike tarehe: bila tarehe wanaweza kubaki na mnunuzi asiyenunua wala asiyeondoka.

Wengi wenu mna watoto Marekani wanaonunua nyumba huko, na wanapiga simu kuuliza. Huko masharti ni sehemu ya fomu ya kawaida: ukaguzi wa nyumba, mkopo, tathmini, hati. Ila kila jimbo na lake. Texas mnunuzi humlipa muuzaji ada ndogo, na kwa ada hiyo anapata siku kadhaa za kujitoa kwa sababu yoyote au bila sababu. Mnaona? Ni khiyari ya muda unaojulikana, inayolipiwa. Mhanbali wa Damascus angeielewa bila mkalimani. California, katika fomu inayotumika sana, masharti hayafi yenyewe siku zikiisha. Mnunuzi anatia sahihi kuyaondoa, na muuzaji aliyechoka kungoja humpelekea notisi ya siku chache. Katika majimbo mengine kunyamaza siku ya mwisho kunahesabiwa kuwa umekubali. Kijana aliyehama kutoka Sacramento kwenda jimbo jingine akadhani sheria ni moja anaweza kupoteza amana kwa kukaa kimya.

Miaka ya korona soko la huko lilikuwa kali, watu kumi wakigombania nyumba moja, na wanunuzi wakaanza kufuta sharti la ukaguzi ili wapendwe. Wakahamia, wakakuta msingi umepasuka. Massachusetts, ambako Wakenya wa Lowell na miji jirani ni wengi, imeweka kanuni inayotumika tangu Oktoba 2025: muuzaji haruhusiwi kuitegemeza ofa juu ya mnunuzi kuacha haki ya ukaguzi. Sisi hatuna kanuni kama hiyo. Dalali wa hapa akikuambia kuna wengine watatu wanaotaka kiwanja hicho, na huenda ni kweli, fupisha siku zako badala ya kufuta sharti. Fanya sachi kabla ya kutoa ofa. Mpeleke mpima ardhi Jumamosi. Ofa yenye sharti la siku 7 itamvutia muuzaji kuliko yenye siku 30, na wewe bado umejikinga.

Niwatetee wauzaji kidogo, kwa sababu nao ni wateja wangu. Mnunuzi anayeandika kwamba ataendelea ikiwa ataridhika kwa hiari yake mwenyewe, bila kueleza kwa jambo gani, ameiteka mali ya mtu kwa siku 90 bila kutoa chochote. Likataeni sharti hilo. Na kama mnunuzi anasubiri kwanza auze nyumba yake ya Kisumu ndipo anunue yenu, dai kifungu kinachowaruhusu kuendelea kuitangaza: akitokea mwingine, wa kwanza apewe saa 72 aache sharti lake au aondoke na amana yake. Wamarekani wamekizoea kifungu hiki. Hapa nimekiona mara chache mno, na sielewi kwa nini, maana kingepunguza nusu ya malalamiko ya wauzaji ninayoyasikia.

La mwisho ni siku yenyewe ya mwisho. Jibu la benki halijafika, au mzee wa bodi amesafiri. Usimpigie muuzaji simu ukaridhika na "haina shida, ndugu yangu". Wala usitume sauti kwenye WhatsApp. Kuna barua mbili tu za kuandika siku hiyo: ya kuongeza muda mpaka tarehe nyingine, iliyotiwa sahihi na nyote wawili, au ya kujitoa na kudai amana. Ipelekwe kwa wakili wa muuzaji na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, kabla ofisi haijafungwa. Na mnapopanga tarehe hiyo tangu mwanzo, msiiweke Ijumaa. Hapa Mombasa mtafika saa sita na nusu mkute karani ameshakwenda kuswali, na wakili, mara nyingi, harudi tena mpaka Jumatatu.